Kakule wa Nivo ya Nne

Katungu alipoingia kwangu mtaa wa Kimemi, hapa Butembo, mwezi uliopita, kabla hajavua koti lake la mvua, aliniambia kwamba Prof Ilunga, mwalimu wetu wa zamani, amefariki kwao Kananga. Alisema hayo akiwa bado mlangoni, maji yanamchuruzika kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi, nami badala ya kulia nikamwambia aingie upesi, ananichafulia nyumba. Ndivyo nilivyo. Huzuni kwangu huanza kwa kugombeza watu. Tulipokwisha kukaa akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya sashe mbili za plastiki, moja juu ya nyingine, akakiweka katikati ya vikombe vya chai. Sikungoja kuambiwa ni nini. Niliona kona ya jalada la buluu na doa la mafuta ya mawese lililokwisha kugeuka kahawia, nikaondoa mikono yangu mezani. Ilikuwa kaye yetu, daftari la shule ambalo mimi na yeye tuliliandika kwa zamu tukiwa na miaka kumi na sita, mwaka ule wa vita ambapo barabara kati ya Butembo na Beni ilifunguka na kufungwa kadiri wenye bunduki walivyopenda.

Katika chumba cha pili mwanangu alikuwa na simu yake, anabishana na watu ambao hajawahi kuwaona. Yule anayemeza ulimwengu mzima na yule anayeishi nje ya wakati, nani atamshinda mwenzake? Huwa anabishana hivyo kila akitoka shuleni, na nisipomwita kula anaweza kubaki humo mpaka chakula kipoe. Katungu alisikiliza kidogo, akatabasamu, akasema, "Bado banauliza ile ile." Ni kweli. Sisi tuliuliza swali hilo kabla simu hazijafika mikononi mwetu, kwa biki na karatasi, na jibu nililolitoa mimi lilikaribia kuninyang'anya rafiki.

Mwaka ule niliishi kwa shangazi yangu, Tantine Noela. Wengine wa familia nitawaacha, hawana kosa lolote katika habari hii. Tantine alikuwa mwimbaji wa kwaya na mchuuzi wa kabichi na viazi. Kila wiki alipanda lori na magunia yake kuteremka Beni, kwenye joto, na kurudi na mafuta ya mawese, ndizi na mananasi. Kwa hiyo nyumba yetu ilinuka kabichi mwanzo wa wiki na mafuta mwisho wa wiki. Chumba changu kilikuwa pia ghala. Nililala nikiwa nimezungukwa na magunia, na asubuhi nguo zangu za shule zilikuwa na harufu ambayo wenzangu darasani waliitambua kabla sijaketi. Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba kimoja zaidi, kimetengwa na jiko kwa ukuta wa mbao tu, na humo alikaa Prof Ilunga, mwalimu wetu wa hesabu. Alikuwa ametumwa kwetu na serikali kutoka Kasai, vita ikaikata nchi vipande viwili, yeye akabaki upande wetu, mke wake na watoto wanne upande mwingine. Serikali ilimsahau. Tantine hakumsahau, alimwambia chumba kipo na sahani ipo, na tangu siku hiyo Prof alikula nasi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na miwani yake ilikuwa na mguu mmoja wa waya aliouchonga mwenyewe. Kabla ya kila mlo alifumba macho na kutaja majina manne, polepole, ndipo aliponawa.

Ngazi ya nguvu tuliyoibishania mwaka mzima ilizaliwa darasani kwake. Siku hiyo alikuwa anajaribu kutufundisha vipimo. Alivuta uzi mezani, akasema fikirini kiumbe anayeishi ndani ya uzi huu: anajua mbele na nyuma, basi. Akachukua karatasi, akasema huyu mwingine anaishi kwenye karatasi: anajua mbele, nyuma, kulia na kushoto, lakini juu na chini hajapata hata kuviota. Kisha sisi wenyewe, tunaojua na juu na chini. Na juu yetu, je? Wengine walikuwa wanachungulia dirishani kuona kama askari wanapita. Prof akaomba tuwape majina, labda tutaelewa. Katungu, aliyekaa ubavuni pangu, akanyanyua mkono akasema bila kufikiri: wa uzi ni Paluku, wa karatasi ni Kambale, sisi ni Kasereka, na wa juu yetu ni Kakule.

Darasa zima lilicheka, na Prof hakujua tunacheka nini. Kwetu Wanande jina linasema umezaliwa wa ngapi. Mtoto wa kwanza wa kiume ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wasichana vilevile: mimi ni Masika, wa kwanza, na Katungu yuko nyuma kabisa ya dada zake, waliomtuma maji na makala ya kuwashia jiko tangu alipoanza kutembea. Na wa kwanza kwetu ana neno. Ndiye anayeulizwa, ndiye anayegawa, wadogo zake wakibishana yeye ndiye anayemaliza. Sasa Katungu alikuwa amempanga Paluku chini kabisa, kwenye uzi, hawezi hata kugeuka upande, na mdogo wake wa nne juu, anamtazama. Kosa hilo angeweza kulifanya Munande tu, na mimi hadi leo sijui kama lilikuwa kosa. Jioni ile Prof alipomweleza Tantine mezani, Tantine aliacha kumega bugali, akauliza kwa upole juu ya nini mudogo anatawala bakubwa. Kisha akasema yeye anamjua Mmoja tu ambaye hana nivo, hana ngazi, na akatuomba tusimtie kwenye kaye yetu. Tulimwahidi, na tulitimiza.

Nguvu zenyewe tulizipima kwa uangalifu kuliko hesabu zote tulizowahi kupewa. Kasereka anaweza kumnyanyua Kambale kutoka kwenye karatasi na kumweka ndani ya nyumba iliyochorwa, imefungwa pande zote, wala mlango haukufunguliwa. Kambale ataita muujiza. Basi Kakule anatufanyia sisi hivyo hivyo. Anatoa maharagwe ndani ya chungu chenye mfuniko. Anatoa kiini cha yai na ganda linabaki zima. Anakuona wewe na matumbo yako na barua uliyoikunja mfukoni, vyote kwa pamoja, kama unavyoona picha. Kufuli kwake si kitu. Mwaka ambao kila mtu alikuwa anaongeza komeo mlangoni, tulimpenda huyu ambaye milango haimhusu. Katungu aliandika kurasa nzuri ambamo Kakule anaingia kwenye stoo za silaha bila kugusa mlango, anachukua bunduki zote na kuziweka katikati ya mawe ya mlima, ndani kabisa, na wakubwa wa vita wanabaki wanatazamana, kila mmoja anamshuku mwenzake. Alimchora na macho manne na bote kubwa za mpira, maana Butembo ina matope hata kwa viumbe wa juu.

Kisha baba yake Katungu akahamishiwa kazi Beni, nao wakateremka wote. Nililia siku mbili. Tantine ndiye aliyesema kaye inaweza kupanda lori kama kabichi. Basi ikawa hivyo: mimi naandika kurasa nne, Tantine anaibeba ndani ya gunia, Katungu anaandika nne, inarudi na mafuta. Tuliandika kwa biki ili mtu asifute kazi ya mwenzake. Na Prof alituwekea sharti moja, kwamba hakuna kuruka nivo. Ukitaka kumleta wa tano, onyesha kwanza anamwonaje wa nne. Mtu akiruka, alisema, hiyo si hadithi tena, ni kujisifu tu.

Safari moja kaye ilirudi imemwagikiwa mafuta. Nilikasirika, Prof akafurahi kama mtoto. Tulikuwa mezani, kuna bugali na tilapia ya ziwani Kyavinyonge iliyokaushwa na chumvi, akasogeza sahani yake pembeni, jambo ambalo hakulifanya hovyo mwaka ule. Akafunua karatasi moja moja kutuonyesha doa, kubwa kwenye ya kwanza, dogo kwenye ya pili, dogo zaidi, mpaka likaisha. "Kambale wa karatasi ya kwanza anasema, doa imezaliwa," alituambia. "Kambale wa karatasi ya mwisho anasema, doa imekufa. Bon. Mafuta yenyewe ilikuwa inapita tu." Maneno hayo nilimwandikia Katungu kando ya doa. Tantine alisema mafuta yale yalikuwa ya kupikia sombe, majani ya muhogo, na akamrudishia Prof sahani yake.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu. Katika hadithi mimi nilimshika Paluku. Nilimtetea kwa kila njia: anaishi kwenye uzi, sawa, lakini uzi wake hauna mwisho, naye anaujua wote, mbele na nyuma, hakuna asichokijua katika nyumba yake. Niliona nimempa heshima yake kama mzaliwa wa kwanza. Kaye iliporudi kutoka Beni nikakuta Kakule ameuvuta ule uzi kutoka ulimwenguni, kama mtu anavyofumua sweta, ameupiga fundo, na Paluku anazunguka ndani ya fundo anajigonga mgongo wake mwenyewe. Leo naicheka picha hiyo. Chini yake Katungu alikuwa ameandika: "Masika, uzoee. Mu hii kaye bakubwa ndio badogo." Na pembeni, kwa herufi nyingine nzuri kuliko zake, kulikuwa na jina la msichana mwingine, rafiki mpya wa Beni, aliyemsaidia kupaka rangi lile fundo.

Fundo lile ningelisamehe. Ni lile jina lililonichoma. Wivu ulinishika, nasema wazi, na wivu wa mzaliwa wa kwanza ni mbaya kwa sababu anaona ana haki. Niliketi kitandani kati ya magunia, kaye juu ya blanketi lililokunjwa magotini, nikamchora Kakule ukurasa mzima, bote zake, macho yake manne, nikibonyeza biki mpaka vidole vikauma. Juu yake nikamchora Mbusa, wa nivo ya sita. Katembo nilimruka, makusudi, nikijua sharti. Halafu nikachukua wembe wa Tantine, nikasukuma kipande cha kartoni chini ya karatasi, nikamkata Kakule kufuata mstari wake, kuanzia kichwani mpaka kwenye bote. Nilimtoa mzima. Nikampeleka jikoni nikamtupa kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, juu ya makala yanayowaka, akajikunja, akaisha. Kwenye kaye likabaki tundu lenye umbo lake. Pembeni ya tundu niliandika, "Kakule haiko tena. Na urafiki pia." Asubuhi Tantine aliposokomeza kaye ndani ya gunia aliniuliza kama nimemwandikia mwenzangu vizuri, nikasema ndiyo.

Tantine alirudi siku ya tatu. Alisema Katungu alikuja mwenyewe sokoni asubuhi ile kupokea, amekonda kidogo, ameniletea nanasi. Nanasi hilo nililitazama tu. Usiku wa kuamkia kesho yake vita ikaingia Beni, na kulipokucha hakukuwa na lori hata moja kutoka upande ule. Magari yaliyokuwa yameondoka yalirudi na magunia yake. Redio ilisema mambo mawili yanayopingana katika saa moja. Kisha wakaanza kufika watu kwa miguu, na mama mmoja aliyepumzika kwenye baraza yetu akamwambia Tantine kwamba mtaa wanakokaa watu wa akina Katungu umepigwa. Tantine alimpa chai na akamwomba ashushe sauti, lakini mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Sijui niwaelezeje siku zile. Chakula hakikupita. Nilikuwa nahesabu: kaye imefika, basi ameisoma, kama ameisoma, neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu duniani ni lile. Ningeweza kuvumilia awe amekufa akinipenda, au awe mzima amenichukia. Vyote viwili kwa pamoja vilinishinda. Alasiri moja nilikuwa jikoni nachagua maharagwe, nikasikia kupitia ukuta wa mbao Prof anamuuliza Tantine kama kuna mtu yeyote ametoka mtaa ule. Tantine akajibu hakuna, kisha akasema polepole, mutoto asiambiwe. Niliacha maharagwe, nikagonga mlango wa Prof, nikaingia, nikawaeleza yote, tundu, wembe, mbabula, mpaka nanasi.

Prof alinisikiliza akiwa ameshika miwani yake mkononi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nilimruka Katembo. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kama alivyofanya mbele ya hesabu mbovu, na nadhani ni kule kutikisa kichwa kulikonifanya hatimaye nilie. Nilimuuliza, yeye anayejua vipimo vyote, Katungu yuko au hayuko?

"Mi sijue, Masika," alisema. "Niko Kasereka tu, nivo ya tatu. Naona ukuta, nyuma ya ukuta sioni. Kule Kananga niko na batoto bane. Ni mwaka na zaidi, hakuna barua. Batu bananiuliza kila siku, Prof, biko bazima? Lakini siku nitasema habako tena, ni mi mwenyewe nitakuwa nimekata karatasi na wembe. Donc sisemi. Nataja majina, nakula."

Tantine alinifuta uso kwa kitenge chake. Prof akanipa karatasi tano za mitihani zilizoandikwa upande mmoja, akaniambia Katembo anangoja. Niliyemruka nimtengeneze, na mara hii nifuate sharti. Nilifikiri ni ukatili. Lakini nilikaa kwenye meza ya jikoni siku zilizofuata, nikaanza. Wa nivo ya tano, nilivyomwona mimi, anaona kila tukio katika namna zake zote lililoweza kuwa. Nikamweka mlimani juu ya barabara ya Beni, anaitazama barabara hiyo mara elfu: imefungwa, imefunguliwa, imejaa matope, haina mtu. Na mwandishi wake, mimi, nikamwamuru atafute ile moja ambamo lori linakuja. Niliandika polepole na vizuri. Tantine alipika sombe, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza sahani.

Mapigano yalichukua siku saba. Siku chache baadaye likaja lori la kwanza, la ndizi, na dereva wake akasimama kwenye lango letu akauliza kama hapa ndipo kwa Mama Noela. Alikuwa na kifurushi. Nilipoona jalada la buluu nilirudisha mikono nyuma, kwa sababu kaye inaweza kurudi bila mwenyewe. Watu hukusanya vitu vya marehemu na kuvituma. Nilimwuliza dereva nani amempa. Akasema mtu fulani sokoni, hakumtazama vizuri. Nikampelekea Prof anifungulie. Aliipokea, akaigeuza, akanirudishia. "Ni yako," alisema tu.

Niliifungua mezani, Tantine amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi. Nikafika kwenye tundu. Na ndani ya tundu Kakule alikuwa amesimama.

Alikuwa mweupe, na pande zote kumezunguka weusi. Nilidhani amebandika picha nyingine, nikafunua. Hapana. Alikuwa kwenye karatasi ya chini, mahali pale pale, bote zake, macho yake manne, mistari yangu mwenyewe. Biki yangu, kwa jinsi nilivyobonyeza, ilikuwa imeacha alama upande wa chini, na Katungu alikuwa amesugua karatasi kwa makala, kila mahali pakawa peusi isipokuwa ndani ya ile mifereji midogo. Nikafunua ya pili, yuko. Ya tatu, yuko, bote zimeanza kufifia. Ya nne, ya tano. Kwenye ya sita mikono hakuna tena. Kwenye ya saba yalikuwa yamebaki macho tu, pale nilipobonyeza zaidi kuliko pengine popote, manne, yananitazama. Chini yake aliandika: "Ulimukata page moja tu, alikuwa anapita. Tuko bazima bote. Tuma Katembo, niliona umemuruka."

Nililia na kucheka mpaka Tantine naye akaanza, mwiko unadondosha mchuzi sakafuni. Prof aliipeleka kaye dirishani, akaifunua karatasi zote saba, akarudia, akavua miwani. Kisha akaenda kwenye mbabula, akaokota kipande cha makala kilichopoa, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Tulimsikia anasugua. Alikuwa na bloki ya karatasi za barua. Miezi mingi nyuma alimpa mtu mmoja wa kanisa barua ya kwenda Kananga, aliyoiandikia juu ya bloki hiyo, hakujua kama ilifika, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusahau aliandika nini. Alitoka na karatasi nyeusi yenye mistari michache myeupe inayosomeka, akatusomea. Ilikuwa inamwambia mtoto wake mkubwa asiache hesabu. Siku ile alitaja majina manne kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Vita ilipokwisha na njia ya kwao kufunguka alirudi, na tukapokea picha: Prof ameketi, miwani ya waya usoni, na wanne wamesimama nyuma yake, wote wamempita urefu.

Miaka yote nimeamini kwamba zile karatasi saba zilikuwa msamaha. Mwezi uliopita, chai imekwisha kupoa mbele yetu, nikamwambia Katungu kwamba sikuwahi kumshukuru kwa kunisamehe upesi vile. Akanitazama, akaangua kicheko.

"Kukusamehe? Nilikuwa na kasirani na weye mwaka muzima."

Ndipo akanieleza nisilolijua. Kaye ilipomfikia aliliona tundu, akaitupa chini ya kitanda, akaapa hatanijibu. Kesho yake bunduki zikaanza, na yeye, dada zake na mdogo wao wa kiume wakaingia chini ya kitanda hicho hicho, na gunia la makala waliloliondoa uani lisiibwe, na kaye. Siku nzima hawakuweza kutoka. Akaitafutia mikono yake kazi. Kidole kikapita kwenye lile tundu, kikahisi mifereji. Akasugua, Kakule akatokea. Yule mdogo wao akauliza kama kesho pia Kakule atakuwako, na Katungu, ambaye hakujua kama kesho wenyewe watakuwako, akamwambia tutaona kesho. Basi wakasugua karatasi moja kwa siku, wasizidishe. Chumba kizima kilikuwa kinangoja saa hiyo. Hata baba yake aliinama kutazama. Siku ya saba walipata macho tu, akajua kwamba ya nane itakuwa tupu, na akaogopa asubuhi kuliko alivyoogopa mabomu. Asubuhi hiyo bunduki zilinyamaza. Karatasi ya nane hakuigusa. Nilipomrudishia kaye pamoja na zile kurasa zangu za Katembo alianza nyingine, ili hii isiguswe.

"Kama ungeandika polepole, kama mutu muzuri, tungemumaliza siku ya pili," aliniambia. "Miaka yote nashukuru Mungu juu ya ile kasirani yako."

Katungu akaisogeza kaye upande wangu, imefunguliwa kwenye karatasi ya nane, nyeupe, pembeni ina doa dogo la kahawia. Akasema zamu ni yangu, nimemchelewesha sana, na ni kurasa nne kama kawaida. Kutoka chumba cha pili mwanangu akaja kutazama ni nini kinachotufanya tucheke na kulia, akauliza huyu mwenye macho manne ni wa nivo gani. Nilimwambia aniletee biki, na blanketi kutoka kitandani kwangu. Nikalikunja magotini, nikaweka kaye juu yake, nikamchora Prof Ilunga na miwani yake ya waya, na nikabonyeza kwa nguvu zangu zote.